Marehemu Tharsisi Kasian na Cheti Chake cha Usalama

Ndugu, jamaa na majirani mliofika hapa Kitanga leo, Jumanne tarehe 30 Septemba 2025, familia imenipa mimi Generosa, mdogo wake marehemu, kazi ya kuusoma wasifu huu. Niliomba wampe mtu mwingine, kwa sababu nina hasira na marehemu. Wakasema hapa kila mtu ana hasira naye, soma tu.

Kaka yetu Tharsisi alizaliwa hapa hapa Kitanga, Wilaya ya Kasulu, tarehe 14 Machi 1972, mtoto wa pili kati ya sita wa marehemu mzee Kasian na mama Esteri. Mama, ambaye yupo nasi, anasema alichelewa kutembea kwa sababu kila akiinuliwa alitazama kwanza chini.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1981 hadi 1987. Sekondari hakuchaguliwa. Mwaka 1990 alikwenda Kigoma mjini kujifunza uashi, akarudi baada ya miaka miwili akiwa na mwiko, timazi na tabia ya kugonga kuta za nyumba za watu bila kuombwa.

Alijenga Kasulu, Kibondo na Kakonko kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 2013 alikuwa fundi mkuu wa nyumba moja huko Gwarama. Siku moja kuta za shimo la choo zilibomoka zikamfunika mchimbaji wake, Niyibizi. Walipomfikia alikuwa ameshakata roho. Kaka hakuwahi kutusimulia habari hiyo hadi mwisho. Alichosema ni kwamba anataka kusomea usalama wa ujenzi.

Wapo wanaodhani cheti cha usalama mtu anakwenda kukichukua kama kitambulisho. Kaka alifeli mtihani mwaka 2016, akafeli tena 2017. Ulikuwa wa Kiingereza, na yeye alikuwa na umri wa miaka arobaini na tano, amekaa dawati moja na vijana waliotoka chuo kikuu. Mimi ni mwalimu, kwa hiyo kila Jumapili baada ya ibada alikuwa kwangu na daftari lake. Mume wangu alikuwa anakula peke yake. Alifaulu Agosti 2019, na tulidhani sasa tumepumua.

Kumbe cheti chenyewe kinaisha kila baada ya miaka mitatu. Ili kukihuisha, lazima uwe na daftari la saa zako za ukaguzi na uhudhurie mafunzo. Sasa sikilizeni alichofanya mwaka 2022. Sote tunajua kwamba kukiwa na msiba hapa kwetu kazi husimama, na wanaume huenda kuchimba kaburi. Kaka alikwenda kama wengine, lakini alisimama ukingoni akikagua udongo na kuwakataza watu kurundika kifusi karibu na shimo. Kisha akaandika kwenye daftari: ukaguzi wa shimo, saa tatu. Misiba kumi na mmoja aliiandika hivyo. Ofisini wakamrudishia daftari, wakasema kaburi si eneo la ujenzi. Nilimwambia hata mimi ningemrudishia. Akanijibu kwa upole wake ule unaochosha kwamba shimo ni shimo. Ilimchukua miezi minne kufidia saa zile.

Alifunga ndoa na Yusta mjini Kasulu tarehe 12 Septemba 1998, na Mungu akawajalia watoto wanne. Wifi yangu ameniruhusu niseme kwamba kwa miaka kumi ya mwisho hakuruhusiwa kupanda kwenye kiti kubadilisha balbu. Binti yao alipoagwa kwenda kuolewa mwaka 2021, wageni walisimama juani nusu saa huku baba wa binti akifungua na kufunga upya kamba za turubai.

Mwaka jana figo zilianza kumsumbua, pamoja na shinikizo la damu. Alivimba miguu akasema ni viatu vya kazi. Mwezi Julai mwaka huu daktari alimpa rufaa ya kwenda Mwanza, siku ya Jumatano tarehe 20 Agosti. Na mafunzo ya kuhuisha cheti yalikuwa Mwanza hiyo hiyo, Jumatatu hadi Ijumaa ya wiki ile ile.

Wakati huo alikuwa akisimamia usalama kwenye jengo la ghorofa huko Kibondo. Alikuwa amewakataza mafundi kupanda jukwaa la mirunda kwa sababu hakuiamini miti yake. Msimamizi wa jengo, Hilali, alikuwa amechoka naye. Alimwambia wazi kwamba cheti kikiisha tarehe 29 Agosti, sahihi yake haitakuwa na kazi, na mafundi watapanda.

Jumatano ile nilimpigia simu saa nne asubuhi nikijua yuko hospitali. Alikuwa darasani. Hospitali ilikuwa mwendo wa dakika kumi kwa bodaboda. Nilimfokea, nami sitaki kuficha, nilimfokea vibaya. Akatoka nje akaniambia, "Generosa, nikikosa siku moja wananifuta. Figo ni zangu mwenyewe. Kule juu wanapanda watu kumi na tisa."

Alipata cheti. Hospitali wakampangia tarehe nyingine, 8 Oktoba. Jumatatu tarehe 1 Septemba alikwenda Kibondo na miguu yake iliyovimba, akasimamisha kazi na kuamuru jukwaa lote lishushwe. Mafundi walinung'unika, na wengine walimtukana. Mzee Reverien, fundi wao mkubwa, alinieleza jana kwa simu kwamba waliposhusha ile miti ya chini walikuta maganda mazima na ndani mchwa watupu. Aliuvunja mmoja kwa mikono.

Tarehe 21 Septemba kaka alizidiwa. Alilazwa hapa Kasulu, akafariki dunia Jumamosi tarehe 27 Septemba 2025 saa kumi na moja alfajiri, siku kumi na moja kabla ya miadi yake, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu. Cheti chake ni halali hadi Agosti 2028. Yusta ameniuliza akifanyie nini.

Ameacha mama, mjane Yusta, watoto wanne, wajukuu wawili, dada mkubwa mmoja na sisi wadogo zake wanne. Ameacha pia mafundi kumi na tisa wa Kibondo, waliokuja asubuhi hii kwa lori na wamesimama pale nyuma. Nimewahesabu mara mbili. Wote wapo, wazima.

Tharsisi, tulikuomba sana upumzike, ukakataa. Sasa pumzika, kaka.