Bibi Leimata na Mkwewe Asiyesema Naye

Wasikilizaji wapendwa, bibi Leimata wa kisiwa chetu cha Maroi ametutoka. Ametutoka Jumanne, akiwa na miaka themanini na minne. Narudia, Jumanne, maana ndugu zetu mlioko mjini Vila bado mnanipigia simu kuuliza.

Watu wawili tu walikuwa wamebaki wanaokisema Kimaroi sawasawa. Wawili tu: bibi Leimata na Kaltangi, mume wa binti yake Rosina. Na mila zetu mnazijua, mkwe hasemi na mama mkwe, wala hamtazami usoni. Sijui nani alitupangia mambo haya.

Basi wakawa wanasema na mbwa. Miaka kumi na tisa, jamani. Bibi yuko kibarazani anakuna nazi, Kaltangi yuko nyuma ya ukuta wa makuti, mbwa kalala katikati.

"We mbwa," bibi anaanza, "hivi mwanamume mzima anapanda viazi vikuu mistari imepinda vile, alikuwa amelewa kava?"

"We mbwa, mwambie huyo anayelalamika kwamba jana hivyo vilivyopinda alikula sahani mbili."

Sisi wengine tulikaa pale tukicheka, na tukiulizwa jambo tunajibu kwa Kibislama, lugha ya taifa. Mbwa alikijua Kimaroi kutushinda. Nalisema hili kwa aibu.

Rosina, binti wa marehemu, ameniambia hivi: "Mama alipougua hakutaka dawa, alitaka wa kugombana naye. Nikajaribu mimi. Akaniambia ninyamaze, namharibia lugha."

Jumanne asubuhi hali ikawa mbaya. Kaltangi akaingia ndani. Hakumtafuta mbwa. Akapiga magoti mkekani, akamtazama mama mkwe usoni, akasema, "Mama, ukienda nitasema na nani?"

Bibi akamtazama, akamtazama, kisha akamgeukia Rosina.

"Mwambie huyu mtu amevunja mila. Faini nguruwe mmoja. Awe mnono."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Lakini mkono wa mkwewe alikuwa ameushika, na hakuuachia.

Kaltangi alitoa nguruwe siku ileile. Tulimla mazishini. Yeye mwenyewe alilia hata akashindwa kula.

Pole sana, Rosina. Na wewe Kaltangi, pole zaidi, maana kisiwa kizima hakuna tena wa kukujibu. Nanyi wasikilizaji, kama yupo mtu mnayekwepana naye miaka yote kwa sababu ya heshima, nendeni mkaseme naye leo. Faini yenyewe ni nguruwe tu.