Siku ya Kumuaga Kocha Tuliyemfukuza

Mheshimiwa Afisa wa Tarafa, Mchungaji wetu uliyetupa ukumbi huu wa kanisa, Mwenyekiti wa klabu pamoja na kamati yako, Mwenyekiti mstaafu ambaye nakuona umeketi mstari wa mbele, Mwalimu Absalom Khaoya na Mama Wilkista, kocha wetu mpya Bwana Kiplimo, wachezaji, na nyinyi mashabiki wenzangu wa Mlima Rangers mliotoka Kachibora, Naitiri, Kabuchai na hapa Kitale mjini: mulembe, chamgei, hamjambo nyote.

Kwa wale wasionijua, mimi ni Peris Nanyama, fundi wa nguo hapa sokoni na mwenyekiti wa mashabiki tangu mwaka wa 1986. Nimepewa dakika kumi za kumsifu Mwalimu kwa niaba yenu. Nimeambiwa pia, kwa upole sana, kwamba leo ni siku ya furaha na nisiguse mambo yaliyopita. Nimejaribu. Nimekaa na kalamu siku tatu nikitafuta namna ya kumsifu mtu huyu bila kueleza tulimfanya nini, na nimeshindwa. Mtanivumilia.

Mwalimu Absalom alichukua timu hii mwaka wa 1983, ikiwa na mpira mmoja na uwanja uliojaa ng'ombe. Asubuhi alifundisha hesabu darasa la sita, jioni alifundisha mpira, na kote kuwili alitumia sauti ileile. Mnakumbuka alivyosajili wachezaji? Kabla ya kumchukua kijana, alikwenda kwao. Aliketi na wazazi, akanywa chai, akauliza swali moja: "Huyu akikosewa hufanya nini?" Wazazi wengi walidhani anatania. Jibu lisipomridhisha, aliaga kwa heshima akarudi na baiskeli yake, hata kama kijana huyo alikuwa anapiga chenga kama umeme.

Hivyo ndivyo alivyompata Kimaiyo kule Kachibora, na hivyo ndivyo alivyompata Jairus Sitati, ambaye babake alikuwa na shamba huku chini ya mlima ingawa ukoo wao ni wa Kabuchai. Aliwaweka wawili hao katikati ya ulinzi, na kwa misimu sita hakuwaondoa. Kimaiyo alikuwa mrefu na hasemi. Jairus alikuwa mfupi na hanyamazi. Ndani ya uwanja Jairus alimwita mwenzake kwa Kikalenjin, Kimaiyo akamjibu kwa Kibukusu, kila mmoja kwa lugha ya mwenzake, na mastraika wa timu pinzani wakabaki kuangaliana wasijue nani ni nani. Tulicheka sana siku hizo. Mwaka wa 1988 tulishinda Nakuru tukapanda ligi ya taifa, na nakumbuka wawili hawa wakirudi wamelala ndani ya basi, kila mmoja kichwa chake begani mwa mwenzake, na sisi tukiimba mpaka sauti zikakauka.

Sasa niwaulize, mashabiki wenzangu: ilituchukua muda gani kusahau? Miaka miwili. Mwaka wa 1990 tulifungwa mechi tatu mfululizo, tatu tu, na Jumamosi ile ya tatu tukavunja matawi ya miti tukazunguka uwanja tukiimba Absalom aende nyumbani akalime. Aliyeongoza wimbo ni nani? Ni mimi. Nilikuwa na sauti nzuri na niliitumia. Mama Wilkista alikuwa ameketi jukwaani na kitambaa chake cha kichwani cha rangi ya timu, na nilipofika mbele yake niliongeza sauti. Mama, nimekuona leo umenipungia mkono pale mlangoni. Sikustahili.

Kamati ilitusikia upesi mno. Jumanne iliyofuata Mwalimu alikuja mazoezini saa kumi kama kawaida, akakuta mtu mwingine amesimama katikati ya uwanja na filimbi mdomoni. Nilikuwepo, nilikuwa nimeleta jezi zilizoshonwa upya. Yule mgeni aliona haya. Akamuuliza, "Mwalimu, kwani hukupata barua?"

"Barua gani?"

"Si kamati ilisema imekuandikia?"

Mwalimu alishuka kwenye baiskeli. Kisha akatoa filimbi yake shingoni, akaikunja kamba, akaitia mfukoni, akawageukia wachezaji akasema, "Huyu ndiye kocha wenu. Mumsikize." Akapanda baiskeli. Jairus alimfuata mbio mpaka barabarani, na sisi tuliobaki tulijifanya tunahesabu mipira.

Baada yake tulikuwa na makocha wanne kwa miezi kumi na minane. Wa kwanza alitoka Nairobi na wachezaji sita wa kwake, akiwemo yule straika tuliyeambiwa ana mabao arobaini, ambaye nilimshonea namba tisa kwa uzi wa dhahabu, na alipoingia uwanjani siku ya kwanza sote tukaona anavuta mguu. Alicheza dakika hamsini na tano kwa msimu mzima. Wa pili alitaka mabeki wapande kila wakati, wa tatu alitaka wasipande kamwe, na wa nne, maskini, hakuulizwa anataka nini. Kila kocha alileta watu wake na kuwafukuza wa mwenzake. Na sisi mashabiki kila mara tulipiga makofi, kwa sababu jina jipya lina utamu wake, na kwa sababu kulipigia makofi jina jipya ni rahisi kuliko kukaa na mtu unayemjua wakati anashindwa.

Lakini hayo ni makosa ya mpira, na makosa ya mpira husameheka. Nataka niseme la mwezi wa pili mwaka wa 1992.

Mnajua nyakati zile za mapigano ya makabila zilivyokuwa. Watu walikuwa wanahama na magodoro vichwani. Huku mjini tulikuwa salama kiasi, na wachezaji walikuwa wakiishi pamoja katika ile nyumba tuliyowapangia nyuma ya uwanja. Kamati iliitisha mkutano wa kupanga kikosi cha msimu, na mimi nilikaa kwa niaba yenu. Mwenyekiti wa wakati ule alisema nyakati zimebadilika, timu inahitaji watu ambao hawatatuletea shida. Akasoma orodha. Alipofika kwa Sitati, Jairus, akasema, "Huyu apumzike." Akawapumzisha na wengine wanne, na kila mtu mezani alisikia kwamba majina hayo matano yote ni ya Kibukusu.

Kocha wa nne alisema, "Lakini Mzee, huyu ndiye beki wangu bora."

"Kocha, wewe fundisha. Kuchagua tuachie sisi."

Kisha akanigeukia. "Mama Peris, mashabiki wana swali?"

Jina langu nalo mnajua ni la Kibukusu. Niliogopa kwamba nikifungua mdomo nitaulizwa kwetu ni wapi. Nikasema, "Hakuna, Mwenyekiti."

Jairus alipewa siku mbili kutoka katika nyumba ya wachezaji. Alipita kibandani kwangu na begi lake akaegemea cherehani. Akaniuliza, "Mama Peris, ati ulikuwa mkutanoni? Si ungesema hata neno moja?"

Nikamwambia, "Ni mambo ya kamati hayo, bana. Msimu ujao utarudi."

Akacheka, kwa sababu yeye alikuwa mtu wa kucheka. Akasema, "Basi wacha niende nimsaidie mzee kulima. Mvua iko karibu."

Alikwenda. Wiki ya tatu, siku ya Alhamisi, mchana kweupe, watu walivamia shamba la babake. Familia yote ilikuwa inapanda mahindi. Mzee alikimbilia mtoni akapona. Mamake, Mama Sellah, na dada zake walibebwa na lori mpaka Kabuchai wakiwa na nguo walizovaa. Jairus alikuwa amerudi nyuma kumtafuta dadake mdogo, ambaye kumbe alishatangulia. Alipigwa mshale. Alikuwa na miaka ishirini na sita.

Wachezaji kumi na saba waliobaki katika ile nyumba nyuma ya uwanja hawakuguswa hata mmoja. Nimelihesabu jambo hilo mara nyingi, na kila nikilihesabu linanijia vilevile.

Kimaiyo alipopata habari alichukua baiskeli kwenda kule. Njiani alisimamishwa na vijana aliosoma nao, wakamwambia, "Wewe unaenda wapi? Rudi." Akarudi. Hata kwenye mazishi Kabuchai hakuweza kufika, kwa sababu wiki ile hakuna mtu wa upande wake aliyepita barabara hiyo salama.

Jumapili tulikuwa na mechi. Ndiyo, tulicheza. Hakuna aliyesimamisha, wala mimi sikusema isimame. Dakika ya kumi na mbili mpira mrefu ulipigwa katikati, na Kimaiyo akapaza sauti kwa Kibukusu, kama alivyozoea, akimwambia mwenzake achukue. Kijana aliyechezeshwa pale hakuelewa neno. Alisimama. Straika wao akapita, akafunga. Uwanja mzima ulikuwa umesikia, na Kimaiyo mwenyewe alikuwa amejisikia. Aliketi chini papo hapo, kwenye nyasi. Refa alimuuliza kama ameumia. Aliketi mpaka wakamtoa, na tangu siku ile hajacheza mpira tena. Leo ametumiwa mwaliko na hakuja, na mimi nisingekuja kama ningekuwa yeye.

Mwisho wa mwaka tukashuka daraja. Kamati ikakumbuka kwamba Kitale kuna mtu anayeitwa Absalom Khaoya. Walikwenda wanne nyumbani kwake kumbembeleza. Mama Wilkista amenihadithia kwamba aliwapikia kuku, na kwamba Mwalimu aliwasikiliza mpaka mwisho, akawauliza, "Nani kati yenu amekwenda kwa akina Jairus?" Wakatazama sahani. Akawaambia, "Basi nitakwenda mimi kwanza. Nikirudi nitawajibu."

Alikwenda Kabuchai, kisha akaenda Kachibora. Kwa Kimaiyo alikaa siku nzima, wakapukuchua mahindi pamoja, na hakumwomba arudi uwanjani. Halafu akarudi akachukua timu. Misimu mitatu ameifundisha, hatukupanda, na magazeti hayakumwandika. Amesajili kama zamani, kwa baiskeli na chai na swali lake moja, na katika misimu hiyo mitatu hakuna mchezaji hata mmoja aliyewahi kuulizwa ukoo wake mbele yake. Hiyo ndiyo sifa yangu kwa Mwalimu Absalom, na kama mlitarajia kubwa zaidi, mimi sijui iliyo kubwa zaidi.

Mwaka jana nilikwenda kumwomba msamaha kwa ule wimbo wa matawi. Alikuwa anasahihisha madaftari. Akasema, "Peris, ule wimbo nilishausahau. Shabiki kupiga kelele ni kazi yake. Mimi nilitaka kukuuliza kuhusu siku uliyonyamaza."  Hakungoja jibu, aliendelea kusahihisha, na baada ya muda nikatoka.

Mwenyekiti mstaafu, nakuona umekunja mikono. Sikusimama hapa kukuhukumu. Wewe ulitaja jina, na mimi nikasema hakuna swali. Tofauti yetu ni ndogo kuliko ninavyopenda.

Bwana Kiplimo, karibu. Leo asubuhi nimekabidhiwa orodha ya wachezaji saba mnaotaka kuwasajili, ili niwasomee mashabiki washangilie. Sitaisoma, na sababu haiko kwako. Nilipoishika nilijikuta natafuta majina ya mwisho, nikihesabu wa huku wangapi na wa kule wangapi, kabla sijaangalia hata nani ni kipa. Ndivyo tulivyo bado, ndugu zangu, na mimi wa kwanza. Wewe utaletewa mashinikizo na watu wazuri wenye tabasamu. Nakuomba siku watakapotaja jina la mtu apumzike, uulize kwa nini, kwa sauti, mara ya pili na ya tatu, mpaka wachoke wao.

Nimalizie. Tulimwalika Mama Sellah aje leo amkabidhi Mwalimu hili blanketi. Amemtuma binti yake, ambaye ameketi pale nyuma karibu na dirisha, na amenipa maneno ya mamake niyaseme kama yalivyo. Anasema: "Mwambieni Mwalimu asante kwa kuja. Wale wengine bado nawangoja."

Miaka mitatu na miezi kadhaa, na mama huyo bado ametuwekea nafasi ya kufika. Kwa hiyo kesho, baada ya ibada ya kwanza, nitakwenda Kabuchai. Mwalimu amenielekeza njia mpaka kwenye mlango wao. Sijui nitasema nini nikifika, na naogopa. Anayetaka twende naye anikute hapo nje saa nne, awe wa kamati, awe shabiki, awe nani. Mwenyekiti mstaafu, nawe pia.

Mwalimu Absalom, nenda nyumbani ukapumzike, na safari hii hakuna anayekufukuza. Nanyi nyote, kwa kukaa kimya mkanisikia hata pale ilipouma, nawashukuru.