Tellervo Haapsaari na Mto Walimokufa Samaki

Alhamisi ile wanafunzi walimsubiri Mwalimu Tellervo na kahawa ikapoa. Hakuwahi kuchelewa. Wakampigia simu kaka yake, Urho, mkulima wa jirani. Urho akavuka uwanja wenye theluji, akafungua mlango. Dada yake alikuwa kitandani, amelala usingizi wa mauti.

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Tellervo Haapsaari, mwanzilishi wa shahada ya mazingira katika chuo kidogo cha Pohjanmaa, hapa Finland. Shahada ndogo kabisa. Wanafunzi wake wote waliketi meza moja. Mmoja alisoma kemia, mwingine historia, mwingine sheria, na wote walisoma mto mmoja.

Wenzake chuoni walimcheka. "Tellervo, hiyo si shahada, hiyo ni supu!" Naye akawajibu, "Basi leteni bakuli."

Urho naye hakuielewa. Lakini anaukumbuka mwaka ule samaki walipokufa. Kiangazi kilikuwa kikavu, kisha mvua ikanyesha mfululizo. Asubuhi moja mto ulikuwa mweupe kwa matumbo ya samaki. Kijiji kizima kikanyooshea kidole kiwanda cha ngozi. Urho alipaza sauti kuliko wote.

Tellervo akawatuma wanafunzi wakauchunguze mto. Waliporudi, wakaitisha mkutano katika ukumbi wa kijiji. Mwalimu huyu alikuwa na sharti moja: kila mwanafunzi aeleze somo la mwenzake, si lake. Akasimama Kerttu, binti wa historia, akaanza kueleza asidi.

"We binti," Urho akamkatiza, "wa historia unatufundisha kemia?"

"Ndiyo, mzee. Na huyu wa kemia atakusomea ramani. Tena vumilia, anasoma vibaya."

Ukumbi ukacheka. Kisha ramani ya zamani ikafunguliwa, na kicheko kikakatika. Pale palipo na shamba la Urho palichorwa bahari. Kila mtu pale alijua kwamba nchi yetu inainuka kutoka majini, kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka. Walijifunza shuleni. Ila hakuna aliyewahi kufikiri kwamba analima sakafu ya bahari, mahali ambapo babu wa babu yake alitupa nyavu.

Kerttu akaweka mezani bonge la udongo mweusi kutoka chini ya shamba lile. Lilinuka mayai viza. Akaeleza kwamba udongo huo ukikaa chini ya maji hauna neno. Ukipata hewa, unazaa asidi. Mvua ikija, asidi inakwenda mtoni. Na hewa iliufikiaje? Kwa mitaro. Majira ya kuchipua ya mwaka ule, kijiji kilikuwa kimekusanyika kwa kazi ya pamoja, bila malipo, kwa moyo mmoja, kuchimba mitaro iwe mirefu zaidi kwenda chini. Kiongozi wa kazi alikuwa Urho.

Urho akasimama. "Kwa hiyo samaki nimewaua mimi?"

"Wewe na mimi," dada yake akasema. "Nani aliwapikia supu ya njegere siku ya kuchimba? Hata mimi sikujua, kaka. Mkemia peke yake asingejua. Ramani peke yake isingesema."

Urho akaketi. Anasema hakuona aibu. Aliona ukubwa wa jambo lile. "Nilitazama buti zangu," anasimulia, "nikaona nimesimama baharini." Wiki iliyofuata wakulima waliweka mbao mitaroni kuyainua maji yaufunike tena udongo ule, na mwanafunzi wa sheria akawaandalia makubaliano ya majirani kuhusu kina cha maji. Samaki walirudi, ingawa taratibu.

Sasa chuo kinataka kuifunga shahada hiyo. Kinasema ni ndogo mno.

Kwa Urho, kwa ukoo wa Haapsaari na kwa wanafunzi wa meza ile, poleni sana. Msiba wenu tunaubeba pamoja. Nasi tuliobaki, kila mmoja atazame chini ya miguu yake, ajiulize anajua nini kuhusu ardhi anayoikanyaga, na ni nani aketi naye ili ajue yaliyobaki.

Bodi ya chuo itapiga kura kuhusu shahada hiyo Ijumaa. Wakulima wa mto ule wameomba kuwamo ukumbini, wakaruhusiwa. Atakayesema kwa niaba yao ni Urho.