Mungu Alivyonivua Shutuma ya Sumu

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, ndugu zangu! Mimi ni Mkomoro mzaliwa wa Nosy Be, kisiwa cha Madagaska, nimekuja hapa Zanzibar kwa binti yangu, kwa hiyo mnivumilie Kiswahili changu chenye Kikomoro ndani yake. Nataka mjue jinsi Mola alivyoniokoa na shutuma ya kuua.

Niliolewa mjini Mahajanga, hukohuko Madagaska, mwishoni mwa miaka ya sabini. Mume wangu, Saidi, alikuwa fundi wa injini kwenye feri ya kuvuka ghuba kwenda Katsepy. Mtu wa kula vizuri! Ghafla akawa anashiba kwa matonge machache, akakonda, akatapika vitu vyeusi kama mashapo ya kahawa. Madaktari walimpasua wakakuta uvimbe tumboni, na vinundu kwenye ini. Havikuondoleka. Walikata vipande vidogo vya kupima, wakamshona.

Mama mkwe aliposikia habari ya tumbo na ini, alinigeukia. "Ugonjwa mmoja utakaaje mahali pawili? Hii ni sumu! Umemtilia nini mwanangu?"

Ndugu zangu, mtaa mzima ulinikimbia! Nikakatazwa kumpikia mume wangu. Nilikaa nje ya wodi nikilia: Ee Mola, nionyeshe ukweli, hata ukiniuma.

Lakini lile swali lilinikaa kichwani. Kweli, ugonjwa mmoja unafikaje mahali pawili? Nikamsihi mama mkwe twende kwa daktari, nikauliza mbele yake.

Daktari hakutucheka. Alitueleza kwa Kimalagasi cha taratibu: "Damu inayotoka tumboni hupita kwanza kwenye ini, ndipo irudi moyoni. Chembe za saratani hujitenga na uvimbe, zikaingia kwenye mishipa, zikabebwa na damu hiyo."

"Na zikifika, zote huota?" niliuliza.

"Nyingi hufa. Chache hushika."

"Kwa nini hizo chache?"

"Mama, hilo hata sisi bado tunalitafuta."

Akatuonyesha kwenye hadubini kipande cha tumbo, kisha cha ini. Mama mkwe aliinama akachungulia kimoja, kisha kingine. Vijiduara vilevile vilivyopindapinda kwenye vipande vyote viwili!

"Hiki cha ini si ini," alisema polepole. "Ni tumbo lililohamia."

"Ndivyo, mama. Sumu haifanyi hivi."

Mama mkwe alijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Mwanangu, nenda kampikie mumeo."

Allahu Akbar! Nilimpikia sosoa, uji wetu wa mchele. Alikula vijiko vichache, akanishika kidole.

Hakupona, ndugu zangu, sitawadanganya. Lakini siku ya mazishi mama mkwe alisimama mlangoni akawaambia watu wote: "Mkewe hakumdhuru. Nimeona kwa macho yangu."

Basi wewe uliyesingiziwa, mtegemee Mungu. Mwombe, kisha inuka ukaulize. Aliyeumba ini na kila mshipa wake hachukizwi na mja anayetaka kujua.