Sekunde Kumi za Kujibu

Kwenye kiti cha mbele yangu ndani ya basi, bibi mmoja aliyepakata begi la nguo alikuwa akimlalamikia fundi simu aliyekutana naye humo humo. "Mwanangu, mjukuu wangu aliiruti simu hii, yaani aliifungua kufuli za kiwandani, ili niwe na mamlaka yote. Sasa kila nikitaka kufuta programu takataka walizoijaza kiwandani, inagoma. Ruti imetoka?"

Fundi akaijaribu mara mbili. "Haijatoka, mama. Inakuuliza kama unaruhusu au unakataa, na inakupa sekunde kumi. Wewe unatafuta miwani, muda unakwisha. Ukinyamaza, inahesabu umekataa."

Bibi akafikiri kidogo. "Basi ina adabu kuliko wanangu. Waliniuliza kama nihamie kwa kaka yao mkubwa. Nikanyamaza. Kesho yake nyumba yangu ikapata mpangaji."

"Si ungesema hutaki, mama?"

"Sijui kama sitaki. Nilikuwa bado natafuta maneno."

"Nikuwekee sekunde sitini?" akauliza fundi. Mafundi hudhani kila jambo lina pa kubonyeza.

Kabla hajajibiwa, basi likasimama. Mwanawe mkubwa, aliyekuwa akisubiri kituoni, akapanda. "Mama, nikupokee begi?" aliuliza, na begi lilikuwa tayari begani mwake.