Fomu Iliyosubiri Muhuri

Mheshimiwa Diwani, mama yetu, Mme Disebo Ralebitso; Mkurugenzi wa Mafunzo; wawakilishi wa idara za afya, elimu na ustawi wa jamii; wachungaji mliopo; ndugu walimu, wauguzi na madaktari mnaopokea vyeti leo; wageni waalikwa wote, na hata wale ambao saini zao ziko kwenye karatasi ya mahudhurio ingawa wenyewe sijawaona ukumbini: habari za mchana.

Mmenipa dakika kumi. Mwenye kunialika alinieleza kwa simu kwamba mngependa mwandishi wa gazeti la mji huu aseme maneno machache ya kutia moyo, kisha aandike habari nzuri, ukurasa wa tatu, pamoja na picha ya wahitimu mkiwa mmeinua vyeti. Picha nimepiga. Ukurasa wa tatu upo. Maneno ya kutia moyo nimeyatafuta tangu Jumatano, na niliyoyapata ni haya.

Kwanza, niwapongeze. Watu mia moja arobaini na watatu, wote wenye leseni, mmejifunza kwa siku tatu namna ya kutambua mtoto anayeumizwa au kutelekezwa, na namna ya kutoa taarifa. Mmefanya mtihani wa maswali ishirini. Mkurugenzi amenionyesha matokeo: wastani ni asilimia tisini na sita. Mtu mmoja alimaliza maswali yote ishirini kwa dakika nne, na akapata yote. Nimeripoti mahakama ya mji huu kwa miaka ishirini na sita, na sijawahi kuona watu wanaojua wajibu wao kwa kasi namna hiyo. Mwenzangu aliyekaa hapa karibu na mlango ameniambia siri ya kasi hiyo: majibu yalipigwa picha, yakatumwa kwenye kundi la simu kabla ya chai. Nikamuuliza, "Sasa mlikuja kufanya nini?" Akacheka, akasema, "Kaka, tunahitaji pointi. Mwaka unaisha, na baraza halinihuishii leseni bila pointi. Halafu kuku wa hapa ni mzuri."

Kuku ni mzuri kweli. Nimemla.

Swali la kumi na moja katika mtihani wenu linauliza: je, Fomu 22, ile ya kutoa taarifa ya mtoto anayeumizwa, inahitaji muhuri au idhini ya mkuu wa taasisi kabla ya kupelekwa? Watu mia moja arobaini na watatu mmejibu: hapana. Hakuna hata mmoja aliyekosea. Wahitimu wa mwaka jana nao walijibu hivyo hivyo, na miongoni mwao alikuwemo Ntate Sekonyela Maphike, Mwalimu Mkuu wa Shule ya Msingi Phororong, ambaye leo amekaa meza kuu kama mgeni wa heshima. Karibu sana, Ntate, baba yetu.

Naomba sasa niwasimulie wiki ile aliyokuwa anajibu swali hilo. Nitakayoyasema yalisemwa hadharani, mahakamani, kwenye ombi la dhamana, au niliambiwa na wahusika wenyewe wakijua mimi ni mwandishi. Mshtakiwa hajahukumiwa, kwa hiyo nitamwita mshtakiwa. Mtoto mahakama imekataza atajwe, kwa hiyo nitamwita binti wa darasa la pili. Alikuwa na miaka saba.

Alhamisi, tarehe nane Februari mwaka jana, mshtakiwa, ambaye anaishi na mama wa binti huyo, alimpeleka kwa daktari wa meno. Daktari ni Wessel Lategan. Yuko safu ya tatu, naye anapokea cheti leo. Aliandika kwenye kadi kwamba meno mawili ya mbele yamevunjika, na kwamba ule utando mdogo unaoshika mdomo wa juu kwenye ufizi umechanika. Ninyi wataalamu mmefundishwa juzi, kwenye somo la pili, utando huo ukichanika kwa mtoto mnapaswa kujiuliza nini: je, kuna aliyempiga mdomoni? Chini yake daktari akaandika maneno manne: ameanguka na baiskeli yake.

Mahakamani, mwendesha mashtaka alimuuliza bibi wa mtoto kama mjukuu wake ana baiskeli. Bibi alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama ana ndege. "Baiskeli?" akasema. "Mwanangu, yule hata viatu vya shule nilimnunulia mimi."

Nilimpigia daktari. Alikuwa mwungwana, na alinijibu bila kuficha. Alisema: "Mimi natibu meno, bwana, si polisi. Kadi niliijaza vizuri. Na yule jamaa nilimwambia awe mwangalifu zaidi." Nimeiandika sentensi hiyo kama ilivyo, kwa sababu ningeibadilisha hata kidogo msingeamini. Nawaomba mshangilie: mtaalamu mwenye leseni, miaka kumi na tisa kazini, aliona dalili, akaitambua, akaitolea taarifa. Aliitoa kwa mshtakiwa.

Siku tano baadaye, Jumanne tarehe kumi na tatu, mwalimu wa darasa, Puseletso Khiba, alimwona binti akishindwa kutafuna mkate. Alimwona pia alama nyuma ya masikio. Mwalimu huyu ni kijana, mwaka wake wa pili kazini, na alifanya jambo ambalo watu wazima wa mji huu hawajalizoea: alichukua Fomu 22 akaijaza. Kurasa zote. Kisha akafanya kosa lake moja, ambalo alifundishwa na sisi sote tangu akiwa mtoto. Aliipeleka ofisini igongwe muhuri.

Katika mji huu hakuna karatasi inayotoka mlangoni bila muhuri. Mnajua, na msijifanye hamjui. Barua ya kuomba viti vya msiba inagongwa muhuri. Orodha ya wacheza mpira wa pete inagongwa muhuri. Nimeona kadi ya mwaliko wa harusi ina muhuri wa duka la nyama. Basi karani wa shule akaigeuza fomu mbele na nyuma, na mwalimu ameyaeleza mazungumzo yao chini ya kiapo, mimi nikiandika.

"Mwalimu, hii bila muhuri ni karatasi ya kufungia chipsi."

"Muhuri uko wapi?"

"Kwenye droo ya Ntate."

"Na ufunguo?"

"Kwenye mfuko wa Ntate."

"Na Ntate mwenyewe?"

"Ntate yuko semina. Siku nne. Ya kulinda watoto."

Msicheke. Au chekeni, lakini jueni mnacheka nini.

Mwalimu akampigia simu. Ntate Maphike alitoka nje ya ukumbi kupokea, jambo la adabu, kwa sababu ndani mtoa mada alikuwa anaendelea. Alisema: "Ausi Puseletso, dada yangu, usinikimbize. Kuna utaratibu. Iweke kwenye trei yangu, nikirudi Ijumaa tutaiangalia." Kisha akarudi ndani, na mchana huo huo akajibu swali la kumi na moja. Hapana, fomu haihitaji muhuri. Pointi moja.

Nauliza, ndugu wahitimu, na siulizi kwa dhihaka pekee: mtu anawezaje kulijua jibu saa nane, na kulikataa saa saba na nusu ya siku hiyo hiyo, bila kuona kwamba ni jambo moja? Mimi nadhani ni kwa sababu la saa nane lilikuwa la leseni, na la saa saba na nusu lilikuwa la mtoto.

Ijumaa alirudi. Akaisoma fomu. Akagundua kasoro: mwalimu ameandika kwa wino wa bluu, na fomu za serikali huandikwa kwa wino mweusi. Akamrudishia. Jumatatu tarehe kumi na tisa mwalimu akaandika upya, kwa wino mweusi. Muhuri ukagongwa. Mnadhani ikapelekwa? Ntate akasema ni haki kusikia upande wa pili kwanza. Jumanne tarehe ishirini akampigia simu mama wa mtoto, akamsomea yaliyoandikwa kwenye fomu, akamwalika aje ofisini wayazungumze kama familia. Fomu akairudisha kwenye droo, ikisubiri mama aje.

Mama hakuja. Tangu Jumatano, binti naye hakuja. Wala Alhamisi, wala Ijumaa, wala Jumatatu. Nimeiona rejesta: sifuri nne kwa mstari, zimeandikwa vizuri, kwa wino mweusi.

Jumanne tarehe ishirini na saba alirudi shule. Saa nne watoto walipanga foleni ya chakula. Anayepakua pale ni Mme Matlakala Sehlabo, mpishi, miaka sitini na moja. Aliishia darasa la nne. Siku hiyo ilikuwa mahindi ya kukoboa na maharagwe. Sote tumelelewa kupokea kwa mikono miwili, na kwa Mme Matlakala mtoto asiyepokea hivyo anakula mwisho. Binti wa darasa la pili akanyoosha mkono mmoja.

"Mikono miwili, wewe!" Mme Matlakala akamkaripia. "Kwenu hamna adabu?"

"Huu mwingine hauinuki, Mme."

Mme Matlakala ameniambia hakumuuliza tena. Alimwekea chakula mezani, akavua aproni, akampa mwenzake upawa, akaenda kwa miguu hadi ofisi ya ustawi wa jamii, nyuma ya posta. Mlinzi akamzuia.

"Mama, una miadi?"

"Sina miadi. Nina mtoto. Pisha."

Hakuwa na fomu. Hakuwa na kalamu, wala ya bluu wala nyeusi. Ofisa alimwandikia mwenyewe, huku akimsikiliza. Dakika thelathini na tano baadaye gari lilikuwa kwenye lango la shule. Hospitalini, daktari aliupiga picha mkono wa kushoto, akaona kiwiko kimevunjika. Aliiambia mahakama kwamba mfupa ulikuwa umevunjika siku tano au sita kabla. Hesabuni wenyewe. Mkono ule ulikuwa mzima siku ya daktari wa meno. Ulikuwa mzima siku ya wino wa bluu. Ulikuwa mzima siku muhuri ulipogongwa. Ulivunjika baada ya ile simu.

Leo haunyooki. Hautanyooka.

Mme Matlakala aliomba kujiunga na mafunzo haya ya mwaka huu. Alikataliwa, kwa maelezo kwamba ni ya wataalamu wenye leseni, na fomu ya kujiandikisha ina sehemu ya namba ya usajili, nayo haiwezi kuachwa wazi. Nawapongeza waandaaji kwa uamuzi huo. Angekuja hapa angejifunza kusubiri.

Sasa nafikia jambo lililonileta, maana kuku ningeweza kumla kwangu.

Kesi ya mshtakiwa imeahirishwa mara mbili. Mara zote mbili waliokosekana ni mashahidi wawili wale wale. Daktari Lategan ndiye aliyeandika kadi ya tarehe nane. Bila yeye kusimama na kuieleza, upande wa utetezi unasema meno yalivunjika shuleni. Ntate Maphike ndiye aliyempigia mama simu. Bila yeye, hakuna wa kuthibitisha kwamba nyumba ile ilijua siku ile kwamba siri imetoka, kabla mkono haujavunjika. Mara ya kwanza daktari alileta barua kwamba yuko kwenye mkutano wa kitaaluma. Mara ya pili Ntate alileta barua kwamba shule ina mitihani. Barua zote mbili zina mihuri. Mwalimu Khiba amefika mara zote mbili. Mme Matlakala amefika mara zote mbili, akakaa kwenye benchi la korido tangu saa mbili hadi saa saba, akaambiwa arudi kwake.

Hakimu amesema, na nimenukuu neno kwa neno: "Hii ni mara ya mwisho. Wasipokuja, naifuta kwenye orodha." Ikifutwa, masharti ya dhamana yanakwisha siku hiyo. Sharti mojawapo ni kwamba mshtakiwa asikanyage nyumba anakoishi binti huyo sasa, kwa bibi yake.

Bibi alinifuata nje ya mahakama mwezi uliopita. Akaniuliza, "Mwandishi, ikifutwa, yule anaweza kuja kugonga kwangu?"

Nikamwambia anaweza.

"Na mimi nimfanyeje? Nimwombe?"

Kazi yangu si kubuni majibu. Kazi yangu ni kuandika nani alikuwepo na nani hakuwepo. Ndiyo maana nimekubali mwaliko wenu. Nilitaka siku ya kesi isemwe kwa sauti, mbele ya watu mia moja arobaini na watatu wenye leseni, ili baadaye asipatikane wa kusema hakuarifiwa.

Mheshimiwa Diwani, wageni waalikwa, nashukuru kwa kunivumilia dakika zaidi ya kumi.

Daktari Lategan, Ntate Maphike: Jumatatu, saa tatu asubuhi, chumba C. Bibi atakuwepo. Nami nitakuwepo, na daftari.