Syauswa Paulin na Jua ya Asubuhi ku Kyavinyonge

Mon père padri, bamama na bapapa, majirani ya Butembo, na ninyi mulioteremuka toka Musienene na muliopanda toka ku ziwa, familia inawasalimia na kuwaomba mukae, na ninyi bamotard na vijana ya mastudio ya picha, munaosimama kule ku mulango na moto, zile pikipiki zenu, zingali zinanguruma, muzime kwanza, juu leo tutasoma maisha yote ya mutoto wetu Paulin, tunayemuzika leo, bila kuruka fasi hata moja, hata ile fasi munangojea. Tunajua maneno inatembea. Banasema Kahongya, muvuvi wa Kyavinyonge, alimupeleka Paulin mu kinywa ya kiboko makusudi, juu picha zake zilikuwa zinaonyesha nyavu zenye serikali ilikataza, na ninyi munataka kubeba hii sanduku, mushuke nayo leo leo, mukachome pirogi, mutumbwi ya kuvulia, na nyumba ya ule mutu. Musikie kwanza.

Paulin alizaliwa ku Musienene tarehe 14 mwezi wa tatu mwaka 1984, mama yake akafariki yeye angali mudogo, akabakia mu mikono ya mukaka yake Agar, mama ya mama yake, ule munamuona hapa mbele na shali ya bleu, njo alimulea na maharagi na viazi ya shamba yake. Alikuwa mutoto wa kutazama. Siku moja alitumwa kuchota maji, akachelewa, bamama bakamukuta amelala tumbo mu shamba, hatingishike, bakapiga makelele, "Agar, kimbia, mutoto yako amekufa!" Yeye akainua kidole kimoja tu, bila kugeuza kichwa, "Polepole, mama, mutanifukuzia kinyonga," na bale bamama, juu kinyonga kwetu ni nyama ya kuogopa, bakakimbia kuliko hata kama alikuwa maiti.

Alisoma primaire ku Musienene, toka 1990 mpaka 1996, akaendelea na secondaire hapa Butembo, akapata diplôme yake mwaka 2003, mais kwa shida, na mwalimu wake wa Kifaransa alimwambia mukaka, "Mama, huyu anajua vile kila ndege inajenga nyumba, lakini conjugaison ya vitenzi, anaipita sawa mutu anapita nyumba ya mukopeshaji."

Mwaka 2004 aliingia kazi mu studio moja ya hapa, akipiga picha ya ndoa, ya matanga na ya carte ya kitambulisho, mwaka 2010 akafungua studio yake mwenyewe, na kila siku ya Mungu, Jumapili, akitoka misa, alipanda mulima na appareil yake ya picha, akirudi na matope ku kifua, na mukaka akimuuliza, "Bale bandege balikulipa ngapi?" Njo huko alianza kufundisha vijana, na Omer, ule anasimama kule mbele ya moto zote, alikuwa wa kwanza, kwa hiyo Omer anajua maneno tunasoma hapa si ya kubuni. Paulin alikuwa anabaambia, asubuhi na magaribi njo saa ya picha, juu saa sita jua inaponda kila kitu sawa majani ya sombe mu kinu. Alikuwa anabaambia, weka jua nyuma ya mugongo yako, shuka chini, lala kama inafaa, macho yako ikutane na macho ya nyama, juu ukisimama wima utapata picha ya mugongo tu, na kama jicho haionekane vizuri, hata manyoya ikuwe ya ajabu, tupa. Hapana kujipaka mafuta ya harufu, nyama iko na pua kushinda mama mukwe. Hapana kukata tawi juu uone kiota muzuri, ukikata, mwewe naye ataona muzuri. Na ku kiboko, siku yoyote, hata picha ikuwe ya mbinguni, hapana kusimama kati yake na maji, juu akistuka anarudi mu maji, njia yake ni moja, na weye uko umesimama ndani yake.

Tarehe 18 mwezi wa munane 2012, ku Beni, alifunga ndoa mu kanisa na Germaine, binti ya mwalimu mumoja wa Kisangani ambaye serikali ilimutuma kufundisha kule Beni, na ule muzee, aliposikia kazi ya mukwe, alimuuliza binti yake mbele ya batu yote, "Mupiga ndege? Atakulisha nini, manyoya?" Mungu akabapatia batoto babili, Godelive mwaka 2013 na Michée mwaka 2016. Walikaa Beni, na Paulin alikuwa anafika mpaka Eringeti kutafuta ndege ya pori, na huko, siku moja, basoda balimuona amelala mu majani na ile objectif ndefu ya appareil, mumoja akamuwekea bunduki ku kisogo, akaguta mu Lingala, "Eloko nini oyo?", ni kusema kitu gani hii, na Paulin, mikono juu, uso mu udongo, akajibu, "Chef, ni ndege, angalia mwenyewe." Soda akaangalia mu appareil muda murefu, kisha akasema, "Sasa nipige mimi picha, ya kupelekea mama yangu." Toka ile siku aliongeza somo ingine kwa vijana, kwamba kabla ya kufungua sac ya appareil, salimia kwanza wenye fasi. Mauaji ilipozidi mu mashamba ya Beni, mwishoni mwa 2014, alirudisha jamaa yake hapa Butembo.

Mwaka 2019 alishuka mara ya kwanza ku Kyavinyonge, na hapa tunaomba musikie na masikio yote. Ninyi mulifika kule munajua, ziwa iko upande jua inatokea, kwa hiyo asubuhi, mutu akitaka jua ikuwe nyuma yake, inafaa ageuzie ziwa mugongo, ni kusema asimame pale pale kati ya kiboko na maji, pale alikataza batu yote kusimama. Basi Paulin alitafuta muvuvi wa kumubeba juu ya maji, mbali na ukingo, akapata Kahongya, na kwa miaka sita bale babili balikuwa sawa ndugu, Kahongya anashika kafi, Paulin anashika appareil, na kuhusu zile nyavu, ile picha ya pirogi ya Kahongya na nyavu zake ilikuwa imetundikwa mu nyumba ya Kahongya mwenyewe, kila muvuvi aliiona akasifu.

Tarehe 10 mwezi wa sita mwaka huu wa 2025, siku ya pili ya juma, asubuhi, bakakuta ku muchanga kiboko mwanamuke na mutoto yake mupya, jua ingali nyekundu, na njo ilikuwa ile picha Paulin aliingojea tangu mwaka alishuka kule. Kahongya akakataa kukaribia, akasema, "Kiboko mwenye mutoto, hapana, mimi niko na bibi." Paulin akamuomba amuteremushe ku muchanga, Kahongya akakataa tena, akasema, "Weye mwenyewe ulitufundisha, leo unasahau?" na Paulin, ule mutu wa kungoja, akasema, "Dakika moja tu," akaruka mu maji, ikamufika ku magoti, akapanda, akalala ku muchanga, ziwa nyuma yake, jua nyuma yake. Alipiga. Kisha mutoto wa kiboko akakimbilia maji, na mama akafwata, akamukuta Paulin mu njia yake, akamuuma.

Kahongya hakukimbia. Alisukuma pirogi mpaka ku muchanga, akapiga kafi ku mbao na kuguta mpaka ule nyama akaingia mu ziwa, akamuinua Paulin, akafunga paja na shati yake, akapanda naye ku moto mulima wote mpaka hapa, na kama munauliza sababu gani Kahongya alifika na appareil ku shingo na bila hata mukwaruzo, jibu ni hii, Paulin mwenyewe alimuomba aivae, akisema, "Shika hii, mimi sina mikono tena."

Hakukuwa mutu wa magonjwa, mais damu ilikuwa imetoka mingi. Siku ya tatu ya juma, ku hospitali, angali anasema, akamuita mukaka na Germaine, infirmière akiwa pale, akasema, "Mukaka, Kahongya alinikatalia mara mbili. Njo mimi nilishuka. Batamusingizia, musikubali." Mukaka akamujibu, "Nyamaza mutoto yangu, pumzika," na yeye, "Hapana, uniapie kwanza," na mukaka akaapa. Omer, weye ulifika siku ya ine, na Paulin alikuwa hawezi tena kufungua kinywa, kwa hiyo hatukulaumu kwa yenye hukusikia, lakini leo umesikia. Paulin alifariki siku ya posho, Jumamosi, tarehe 14, asubuhi, ku hospitali hapa Butembo, mukono yake mu mukono ya Germaine.

Familia inashukuru baganga na bainfirmière baliomufunga na kumukesha, majirani mulioleta kuni, unga na sombe, bapiga picha bote ya Butembo na Beni muliofunga milango ya kazi juu yake, Mungu abarudishie.

Kwetu mutu mwenye kesi na marehemu hatupe udongo ku kaburi yake. Germaine, bibi yake, na mukaka Agar, ule aliapa, baliomba kwamba udongo ya kwanza, mbele ya ndugu, mbele hata ya batoto, itupwe na Kahongya. Yeye mwenyewe iko nje, nyuma ya ukuta, tangu asubuhi anaogopa kuingia. Omer, toka ku moto, uende umushike mukono umulete, na ninyi wengine mubafungulie njia, juu hatutashusha sanduku mpaka apite.

Syauswa Paulin, ulale na amani ya Mungu.